Karafuu, mvumbasi au mchaichai: kipi kinafaa kwenye mfuko wa vifaranga vya samaki?

Mtu anayenunua vifaranga vya ngege Kisumu na kuwapeleka Nakuru anapambana na jambo moja: oksijeni iliyofungwa ndani ya mfuko isiishe kabla safari haijaisha. Ndiyo maana ushauri wa kutia mafuta ya mimea yenye harufu kwenye maji huenea upesi miongoni mwa wafugaji. Mmoja atakwambia karafuu, mwingine mvumbasi, wa tatu mchaichai, na hukosi anayetaja mkaratusi. Dai ni lilelile: samaki watatulia, na miili yao itakingwa dhidi ya madhara ya kukosa hewa.

Kwa mwenye haraka, jibu langu ni hili. Safari ikiwa fupi, usitie chochote chenye harufu. Ikiwa ndefu, mafuta ya karafuu kwa kipimo kidogo ndiyo chaguo la kwanza, mvumbasi unafuata kwa masharti, na mengine yaache jikoni. Na vyovyote iwavyo, hakuna mafuta yanayochukua nafasi ya oksijeni ya mtungi. Anayetaka sababu, aendelee.

Kazi mbili zinazochanganywa

Seli hutumia oksijeni kwenye mitokondria, mahali chakula kinapogeuzwa kuwa nguvu. Elektroni hupokezanwa kwa mfuatano mpaka mwisho wa mstari, ambako oksijeni huzipokea. Oksijeni ikiwa haba, elektroni husongamana na baadhi huvuja njiani. Zikiangukia oksijeni kidogo iliyopo, hutokea radikali huru, yaani chembe kali zisizotulia, na hizo huharibu mafuta yanayounda utando wa seli. Watafiti huupima uharibifu huo kwa kuangalia malondialdehaidi, yaani mabaki ya mafuta ya seli yaliyokwisha kuoza. Ikiwa nyingi kwenye ini au ubongo, mnyama alipata shida.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba madhara makubwa mara nyingi huja hewa inaporudi, si wakati ule wa uhaba. Oksijeni huingia kwa wingi kwenye seli ambazo mfumo wake umeshavurugika, na radikali hutoka kwa mpigo. Hiyo ni sababu mojawapo ya vifaranga kufika wakiogelea vizuri, wakamwagwa bwawani, halafu kesho yake ukawakuta wameelea.

Sasa, mafuta ya mimea yanaweza kusaidia kwa njia mbili, na kila moja ina kemia yake. Ya kwanza ni kutuliza. Samaki aliyetulia hapigi mbio ndani ya mfuko, hutumia oksijeni kidogo, na hutoa amonia na kabonidioksidi kidogo. Ya pili ni kuzima radikali zenyewe, yaani kuwa antioksidanti kwa maana halisi ya neno. Kwa hili la pili, kinachotafutwa hasa ni fenoli: molekuli yenye hidrojeni ambayo iko tayari kuitoa ili radikali itulie. Yujenoli ya karafuu ni fenoli. Thaimoli na kavakroli za thaimu na oregano ni fenoli. Linaloli ya mrehani na lavenda siyo, sitrali ya mchaichai siyo, sineoli ya mkaratusi siyo, kafuri siyo.

Kwa hiyo harufu kali haithibitishi kinga. Chukua rozimari, mmea unaopandwa kama ua mbele ya nyumba nyingi Nakuru. Sifa yake ya kuzuia mafuta yasioze ni ya kweli, na viwanda vya chakula huitumia. Lakini kinachofanya kazi hiyo zaidi ni asidi ya karnosiki na asidi ya rozmariniki, ambazo hazipandi hewani na wala huzisikii puani. Ukiunusa rozimari unapata sineoli, kafuri na pineni. Kinga yenyewe imebaki kwenye jani. Chai ya mchaichai ni vivyo hivyo: faida inayosemwa inatokana na vitu vilivyoyeyuka kwenye maji moto, na mvuke wake hauvibebi.

Karafuu

Mafuta ya karafuu ndiyo yaliyojaribiwa zaidi kwa samaki duniani. Yujenoli peke yake huchukua kama asilimia 70 hadi 90 ya mafuta hayo, kwa hiyo ukinunua chupa halisi unajua unachokitia, jambo ambalo mimea mingine haikupi. Zaidi ya hapo, yanafanya kazi zote mbili: yanatuliza, na ni fenoli. Sisi Afrika Mashariki tuna bahati, maana karafuu ya Pemba na Unguja haiko mbali.

Ila yujenoli ina pande mbili. Kwa kipimo kidogo huzima radikali. Kwa kipimo kikubwa huweza yenyewe kuzichochea. Na kuna hatari ya karibu zaidi kuliko hiyo. Samaki aliyelewa sana hupunguza kuchezesha vifuniko vya matamvua, maji hayapiti, na anakosa oksijeni hata kama maji yamejaa oksijeni. Yaani unaweza kumsababishia shida ileile uliyotaka kumwepushia. Kipimo cha kumlaza samaki kabisa, kwa mfano kwa ajili ya kumpima, ni kati ya miligramu 40 na 100 kwa lita. Cha safari kinatakiwa kuwa chini mno ya hapo, miligramu 5 hadi 10 kwa lita. Anayesoma kipimo cha kwanza akadhani ni cha pili atafika Nakuru na mfuko wa maiti.

Kuhusu walaji, vifaranga wana miezi kadhaa mbele yao kabla ya kufika sahani, kwa hiyo mabaki ya yujenoli hayanipi wasiwasi. Kwa samaki wakubwa wanaokwenda sokoni wakiwa hai, jibu langu ni usitie. Marekani haijayaidhinisha mafuta ya karafuu yenyewe kwa samaki wa kuliwa, ingawa New Zealand ilitengeneza na kukubali dawa ya jamii hiyohiyo, AQUI-S, inayotumia isoyujenoli. Sheria za masoko ya nje ni jambo la kuulizia mapema kama unalenga huko.

Mvumbasi na ndugu zake

Mvumbasi wa porini, Ocimum gratissimum, humea sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya bila kupandwa. Kuna mimea ya aina hii hapa Kenya ambayo mafuta yake yamejaa yujenoli, sawa na karafuu. Hiyo ndiyo sababu ya kuupa nafasi ya pili. Tatizo ni kwamba spishi hiyohiyo hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Ule ulio nyuma ya nyumba yako unaweza kuwa wa yujenoli au wa thaimoli, na pua haitakwambia ni asilimia ngapi. Bila kipimo cha maabara unabahatisha, na mfuko wenye vifaranga mia kadhaa si mahali pa kubahatisha.

Kosa baya zaidi ni kuponda majani na kuyatia mfukoni. Majani yaliyopondwa huanza kuoza, bakteria huyala, na bakteria hao hutumia oksijeni ileile uliyoilipia. Kama ni mvumbasi, basi ni mafuta yaliyochujwa kwa mvuke, na yaliyojaribiwa kwa samaki wachache kwanza.

Usiuchanganye na ule wa Kakamega, Ocimum kilimandscharicum, ambao Waluhya huuita mwonyi. Huo kikundi cha wakulima cha Muliru kimeupanda kando ya msitu wa Kakamega, kikachuja mafuta yake na kutengeneza dawa ya kuchua ya Naturub. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Ikweta mwaka 2010. Kwa mafua na misuli ya binadamu, sawa kabisa. Lakini mafuta yake yana kafuri kwa wingi, na kafuri huchangamsha neva. Ikizidi huleta degedege. Ni kinyume cha unachotaka ndani ya mfuko.

Mrehani wa kawaida, ule wa mapishi na mapambo, una linaloli kwa baadhi ya aina na estragoli kwa nyingine. Linaloli inastahili maneno machache, kwa sababu ndiyo iliyoleta habari nyingi tunazozisoma. Huko Santa Maria, kusini mwa Brazili, watafiti wa chuo kikuu cha serikali wamefanya kazi ya miaka mingi kwa samaki wao aitwaye jundiá, Rhamdia quelen, jamaa wa mbali wa kambare wetu. Walitumia mafuta ya Lippia alba yenye linaloli nyingi, wakayatia kwenye maji ya safari na kwenye maji yenye viwango tofauti vya oksijeni, kisha wakapima ini na viungo vingine kuona kiasi cha uharibifu na hali ya vimeng'enya vya kinga. Kwa jumla matokeo yaliyaunga mkono mafuta hayo. Ninavyoisoma mimi kazi hiyo, sehemu kubwa ya faida inatokana na utulivu: samaki hakuhangaika, hivyo radikali hazikutengenezwa kwa wingi kuanzia mwanzo. Linaloli ni mzimaji dhaifu wa radikali kwa mkono wake mwenyewe.

Hapo ndipo wengine hurukia kusema nasi tuna Lippia. Ni kweli, Lippia javanica ipo Kenya. Lakini mafuta yake hutofautiana sana kutoka kichaka hadi kichaka. Matokeo ya Brazili hayahamishiki kwa kufanana jina la kwanza.

Mchaichai, mkaratusi, mnanaa

Hawa nitawapitia haraka. Mafuta ya mchaichai zaidi ya nusu yake ni sitrali, ambayo ni aldehaidi; huwasha ngozi laini, na ikikaa wazi huoksidika upesi. Matamvua ni ngozi laini kuliko zote. Mkaratusi unaojaza mashamba ya magharibi kwa ajili ya kuni na nguzo za stima mara nyingi ni wa aina ya grandis au saligna, na huo hauna sineoli nyingi kama ule wa dukani. Mnanaa una mentholi, ambayo kwa kipimo kikubwa hulaza samaki, ila haiyeyuki vizuri majini na haina kinga ya fenoli ya kuifidia.

Mshindani asiye na harufu

Ulinganisho huu haungekuwa wa haki kama ningeacha chumvi. Chumvi ya kawaida, gramu 2 hadi 5 kwa lita, humsaidia samaki wa maji yasiyo ya chumvi asipoteze chumvi za damu yake anapokuwa na mfadhaiko. Haimleweshi, haina hatari ya kipimo kuzidi kwa tone moja, na inauzwa kila kioski. Kwa safari ya Kisumu hadi Ahero, Maseno au hata Kakamega, chumvi, oksijeni na tumbo tupu zinatosha. Tumbo tupu maana yake vifaranga wasilishwe kwa siku nzima kabla ya kufungwa, ili wasichafue maji. Nikilazimika kuchagua kimoja kati ya chumvi na karafuu kwa mtu asiye na sindano ya kupimia, nitampa chumvi bila kusita.

Namna ya kupima karafuu

Mafuta hayachanganyiki na maji. Ukidondosha moja kwa moja, yataelea na kumchoma kifaranga wa kwanza atakayepanda juu. Changanya sehemu moja ya mafuta na sehemu tisa za ethanoli safi kwenye chupa ya kioo, tikisa mpaka isiwe na utando. Spiriti ya rangi inayouzwa dukani usiitumie, ina methanoli. Plastiki ngumu nayo iepuke kwa kuhifadhia, maana yujenoli huitafuna ile ya vikombe vyeupe.

Vuta mililita 1 ya mchanganyiko huo kwa sindano, tia kwenye lita 10 za maji, koroga. Hapo una takribani miligramu 10 za mafuta kwa kila lita. Nusu ya mililita inakupa 5, na hapo ndipo pa kuanzia, hasa maji yakiwa na joto, kwa sababu joto huharakisha ulevi. Weka vifaranga wachache kwenye ndoo ya maji hayo na ukae nao angalau nusu saa. Unataka kuona wakishuka chini, wakisogea polepole, wakiwa wima, na wakishtuka ukigusa ndoo. Akilala ubavu hata mmoja, punguza. Chupa za karafuu za maduka ya dawa zinatengenezwa kwa ajili ya meno, na baadhi zimechanganywa na mafuta mengine, kwa hiyo jaribio hili rudia kila ukifungua chupa mpya.

Barabara ya Kisumu hadi Nakuru

Hapa mwinuko una maneno yake. Kisumu iko meta 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji ya nyuzi 25 yaliyojaa hewa hapo hubeba oksijeni kama miligramu 7 kwa lita. Safari inapanda hadi Kericho, kisha Mau Summit, zaidi ya meta 2,300, kabla ya kushuka Nakuru kwenye meta 1,850. Kila unapopanda, hewa ya nje inapungua msukumo na mfuko unavimba. Uliofungwa ukiwa umejaa pomoni Kisumu unaweza kupasuka ukiwa Kericho. Jaza theluthi moja maji, theluthi mbili oksijeni, na uache ulegevu unaoweza kuubonyeza kwa kidole gumba.

Ukitoka jioni, baridi ya milimani itakufanyia kazi ya karafuu bure: samaki aliyepoa hupumua polepole, na maji yaliyopoa hushika oksijeni zaidi. Ni kwa sababu hiyo pia siongezi kipimo cha mafuta kwa safari ya usiku. Mifuko ifunikwe kwa magunia ili ipoe taratibu, isipate baridi ya ghafla.

Ukifika, usifungue mfuko ukauacha wazi huku ukipiga simu. Ukiwa umefungwa, kabonidioksidi iliyojaa huyafanya maji yawe na asidi, na asidi hiyo huizuia amonia isiwe kali. Ukifungua, gesi inatoroka na amonia inageuka sumu palepale. Uelee bwawani ukiwa umefungwa mpaka joto lilingane, kisha fungua, ongeza maji ya bwawa, na uwaachilie mara moja. Hao waliokuwa na karafuu watachangamka ndani ya dakika chache.

Kwa kambare, mumi kama wasemavyo jirani zangu, hesabu hubadilika. Akishakuwa na kiungo chake cha ziada cha kupumulia hewa ya juu, atastahimili mfuko ambao ngege angekufa. Kumtia usingizi ambao unamzuia kupanda juu kuvuta hewa ni kumwondolea silaha yake. Kambare hahitaji karafuu. Anahitaji nafasi ya hewa juu ya maji.

Vizimba vya ziwani

Naulizwa pia kama mafuta haya yanaweza kuokoa samaki wa vizimba. Mwishoni mwa 2022 wafugaji wa Kisumu walipoteza samaki kwa wingi vizimbani, na maji yenye oksijeni haba ndiyo yaliyotajwa kuwa chanzo. Maji ya chini yakigeuka na kupanda, hakuna karafuu ya Pemba nzima itakayotosha ghuba la Winam, sehemu ya Ziwa Victoria iliyoko Kisumu, na hata ingetosha, samaki aliyelewa asingeweza kuhangaika kutafuta tabaka lenye hewa. Hapo ni kuacha kulisha mara moja, kupunguza msongamano, kuwasha vipuliza hewa kama unavyo, na kuchagua eneo lenye kina na mkondo kabla ya kuteremsha kizimba.

Na kuku wa Nakuru na Molo?

Kuku wa nyama wanaokua haraka kwenye miinuko hupata ugonjwa wa maji tumboni. Hewa ni nyepesi, Molo ikizidi Nakuru. Mwili mkubwa unadai oksijeni ambayo mapafu hayaipati, upande wa kulia wa moyo unachoka, na maji yanajaa. Madukani utapata dawa za maji zenye mkaratusi na mentholi. Zinalainisha makamasi, sikatai. Lakini mentholi humfanya anayeivuta ahisi njia imefunguka kwa kuamsha neva za baridi, hata kama hewa inayopita ni ileile. Kwa kuku, uchaguzi wangu ungekuwa majani makavu ya oregano au rozimari ndani ya chakula, kwa sababu huko kinga isiyo na harufu nayo inaingia.

Hata hivyo hilo linakuja baada ya jiko la makaa. Vifaranga wanaopashwa joto kwa jiko kwenye chumba kilichozibwa mianya yote wanavuta gesi ya kabonimonoksidi, ambayo hushika damu na kuifukuza oksijeni. Fungua madirisha ya juu, tafuta taa au jiko lenye bomba la kutolea moshi, na wapunguzie chakula kidogo wiki za mwanzo ili wasinenepe kwa pupa. Ukishafanya hayo na bado kuku wanavimba matumbo, ndipo tuzungumze habari ya oregano.